Waliopokewa Kamba

Kisu kilimkosa Sindano koo, kikajikita kwenye mpira wa mlango wa mashine ya kufulia.

Mwenye kisu hakupata nafasi ya kukichomoa. Sindano alimpiga kiwiko cha pua, akamkamata kisogo, akambamiza uso kwenye kioo kinene cha mashine. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Kioo kilibaki kizima. Uso haukubaki.

Sindano, jasusi wa kike, alikuwa akimvizia mtu huyo tangu asubuhi. Jamaa alijifanya anafua katika chumba cha kufulia cha bandarini, kumbe anachungulia dirishani boti za matanga zikiingia gatini. Shati lilelile alikuwa amelifua mara tatu, na shati lenyewe halikuwa hata na doa.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa maiti.

Picha ya boti nyeupe. Chini yake maneno machache: *Tunaingia. Wazee tumewakamata. Weka gari tayari.*

Sindano aliitazama picha tena.

Ilikuwa *Polepole*.

Alikuwa akiijua kila ubao. Miaka iliyopita, akiwa kazini kwa sura ya mwalimu wa hesabu anayezunguka bahari peke yake, mlingoti wa boti yake ulivunjika katikati ya maji. Baba Kamba na mkewe Mama Birika waligeuza boti yao hiyo dhidi ya upepo na kurudi kumvuta. Walimlisha, wakamwita binti. Tangu hapo walikuwa wakikutana kwa bahati tu, bandari hii au ile, na kila mara birika lilikuwa jikoni.

Aligusa kifaa cha sikioni.

"Sindano hapa. Mzigo uko kwenye boti ya matanga. Inaingia sasa hivi."

"Makombora?" aliuliza Mkuu.

"Ya begani. Ndiyo."

"Ndege wanayotaka kuitungua inatua muda si mrefu. Abiria mia mbili. Boti ya doria iko tayari, naamuru wailipue."

"Kuna raia wawili ndani, Mkuu."

"Unawafahamu?"

Wakala asiye na jina hana marafiki. Anayemjua sura na kazi huchukuliwa, akafichwa mbali, asionekane tena. Ndiyo kanuni ya ofisi.

"Siwafahamu," alisema. "Niachie mimi. Kamba ikishafungwa na magaidi bado wanapumua, lipua."

"Ukiwa hapo hapo?"

"Nikiwa hapo hapo."

Aliichomeka bastola yake, Glock 19, nyuma ya suruali, akatoka.

Jua lilikuwa kali. *Polepole* ilikuwa ikiingia kwa injini, na wasafiri wa boti nyingine wameshaanza kushuka gatini kuipokea. Hiyo ndiyo desturi yao. Boti ikifika, aliye karibu huacha hata sahani yake akaenda kupokea kamba, awe anakujua au hakujui.

Omoni, mbele ya boti, alisimama mtu wa kofia nyeupe, bunduki amefunika kwa taulo.

"Rudini! Hatutaki msaada!"

Watu wakatazamana. Baharini hakuna anayekataa kupokewa.

"Waache wapokee," alisema Baba Kamba kutoka kwenye usukani. Nyuma yake alisimama mtu wa pili, bastola mbavuni mwa mzee. "Ukikataa watakushuku."

Kisha macho yake yakamwona aliyenyoosha mikono gatini.

Sindano hakutabasamu. Aliinua mkono mmoja, akakamata nguzo ya taa, akaikaza.

Usisimame kwenye boti bila kushika kitu. Ndilo somo la kwanza ambalo mzee alimpa, na alimkaripia nalo safari nzima mpaka akakoma.

Baba Kamba alikumbatia usukani.

Kofia nyeupe alirusha kamba. Sindano aliidaka, akaizungusha mara mbili kwenye chuma cha gati.

Badala ya kupunguza mwendo, mzee akasukuma injini hadi mwisho.

Kamba ilikazika, ikalia. Boti ikasimama kwa kishindo, ikajipinda kuelekea gatini.

Kofia nyeupe hakuwa ameshika kitu isipokuwa bunduki. Alirushwa kama gunia, akaangukia katikati ya boti na zege. Boti ikafika. Mifupa ililia, kisha kofia ikaelea peke yake.

Wa pili alianguka chali, akainuka akifyatua. Risasi ilichana bega la Sindano. Yeye alijibu kwa mbili za kifua.

Yowe likatoka chumbani mwa boti.

Sindano aliruka ndani. Wa tatu alikuwa magotini, uso umebabuka kwa maji ya moto. Mama Birika alikuwa akimtwanga kichwani kwa birika lenyewe, huku akilia. Mkono wa mtu yule ulikuwa ukipapasa bastola sakafuni.

Sindano alifyatua. Pa!

Chini ya kitanda, makombora mawili yamefungwa kwa mablanketi.

"Mkuu, sitisha. Wote chini. Mzigo ninao."

"Nimekupata. Askari wanakuja."

Juu yao ndege ilipita ikishuka, magurudumu nje.

Baba Kamba alichungulia mlangoni, mdomo unavuja damu.

"Binti. Si ulituambia unafundisha hesabu?"

"Ndiyo, mzee. Watatu, toa watatu."

Mzee alianza kucheka, akashindwa, akajifuta macho. Mama Birika alimvuta Sindano kifuani akambana. Alinukia majani ya chai, kama zamani.

"Milima haikutani," alinong'ona.

"Mama, mkisema mnanijua, watawachukua. Mnaelewa?"

Mama Birika alimtazama. Kisha akamwachia.

Askari walipofika, Sindano alikuwa gatini, koti limefunika bega.

"Mama, yule mwanamke ni nani?" aliuliza askari.

"Yule?" Mama Birika alikung'uta birika lililobonyea. "Mpita njia tu. Alitupokelea kamba. Hatujawahi kumwona."

Mkuu aliyasikia yote kupitia redio ya askari.

"Sindano. Kweli hamjuani?"

"Ndivyo walivyosema."

Alivaa miwani ya jua, akapita katikati ya watu, akaenda zake bila kugeuka. Alitamani sana chai.