Mpanganjia Hukata Maneno

Mpanganjia, mashine ya kupanga safari za ndege, hakuhitaji ramani wala rubani wa kumshauri. Alipima pepo, akapima uzito wa rubani Makame na begi lake, akahesabu haidrojeni itakayoungua kutoka Tanga hadi Male. Njia nzima ni maji matupu, isipokuwa Kisiwa cha Ndoana, pa kutua na kujaza tangi. Siku hiyo mawingu yalikiziba kisiwa, setilaiti hazikuona kitu. Basi Mpanganjia akampigia simu mlinzi wa uwanja wa ndege wa kisiwani, Mzee Silima.

"Shikamoo, mzee. Habari za uwanja?"

"Marahaba. Nzuri tu, mwanangu..."

Kata! Taa ya kijani ikawaka: uwanja ni mzima.

"Dada, umemkatia mzee wa watu!" Makame akacheka.

"Si mimi, ni yeye," akasema Mhandisi Zawena, akiipapasa mashine aliyoibuni mwenyewe. "Nimemfunza akishapata jibu akate. Mzee yule ukimwachia atakusimulia mpaka mbuzi wake walivyozaa. Nenda kamlete mkeo kwao Male."

Makame akapaa asubuhi ileile katika ndege yake ndogo ya viti viwili. Mtu na dada yake, angebisha nini? Mpanganjia hajawahi kukosea, na sifa, tuseme ukweli, zilikwisha kumlevya Zawena.

Adhuhuri simu yake ikalia. Alikuwa Mzee Silima, anahema.

"Binti, huyo rubani wenu keshapaa? Mwambieni asije! Bahari imeumega uwanja juzi, hapana pa kutua hata kunguru. Nilitaka kusema, mkanikatia. Napiga tangu asubuhi, mnara wa simu ulilala mlipokata tu, ndio kwanza umeamka."

"Lakini ulisema nzuri!" Zawena akapiga kelele.

"Ebo! Ulitaka nianze na msiba? Mtu hujibu nzuri kwanza, mama, halafu ndipo hutoa yaliyomfika. Kwani wewe umelelewa wapi?"

Zawena alilelewa katika desturi hiyohiyo. Hata siku ya kumzika baba yao waliulizwa habari, wakajibu nzuri, ila tumefiwa. Hayo yote aliyajua, na hakumfunza Mpanganjia kungoja hiyo "ila".

"Mrudishe Makame!" akaiamuru mashine.

"Amepita mpaka wa kurudi," Mpanganjia akajibu kwa sauti ileile ya upole. "Haidrojeni haimfikishi Tanga wala Male. Mawimbi ni makubwa, ndege haitaelea. Hakuna meli karibu. Sina njia."

Zawena akashika redio, akamwambia ndugu yake yote bila kupindisha. "Nisamehe, mdogo wangu. Ni mimi. Nisamehe."

Makame akauliza, "Mama yupo hapo?"

Mama yao alikuwa ndio kwanza anaingia, akijifuta mikono kwa kanga, hajasikia lolote.

"Yupo."

"Usimwambie. Mpe redio."

Mama akaipokea kwa mikono miwili. "Baba, umeshafika?"

"Nakaribia, mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Alhamdulillahi. Msalimie mkweo." Akamrudishia Zawena redio, akaenda jikoni kutazama wali wake usiungue. Zawena akabaki akisikiliza injini ya ndege, ambayo bado ilikuwa inanguruma vizuri kabisa.