Birika la Njano, Ndege wa Bluu

Kila akitoka shule, Chapuchapu hupitia karakana ya shangazi yake mfinyanzi. Jina hilo la utani alipewa nyumbani, maana hata uji huumeza ukiwa wa moto. Siku moja hata viatu hakuvua. Jioni fundi wa mabango angepita kuchukua mchoro wa birika la kauri, lile la njano lenye ndege wa bluu, auweke kwenye bango la duka la shangazi. Shangazi alimpa Chapuchapu kazi ya kuuchora. Mchoro ukiharibika, fundi angeweka picha yake yoyote.

Akachovya brashi, akapaka birika zima njano kwenye karatasi. Mguu unacheza chini ya meza. Rangi bado inang'aa kwa maji, yeye huyo, akamtia ndege. Bluu ikakimbilia kwenye njano. Ndege akageuka kijani, akavimba, akawa kama chura.

Shangazi akachungulia. "Nini hiki?"

"Paka amemwaga maji, shangazi."

Shangazi akamtazama paka, amelala dirishani, miguu yote mikavu. "Maskini, yuko usingizini na bado anasingiziwa."

Chapuchapu akainama. "Ni mimi. Sikungoja ikauke."

"Hayo sasa ndiyo maneno. Karatasi imebaki moja. Anza upya, mwanangu."

Akapaka njano tena. Kungoja ndiko kulikomtesa. Akaketi, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi.

"Gusa nyuma ya karatasi," shangazi akamwambia. "Ikiwa baridi, bado ina maji."

Akagusa. Baridi. Akagusa tena. Baridi vilevile.

Mara hodi, fundi huyo. "Haya, mchoro uko wapi? Giza linaingia."

Brashi ya bluu ilikuwa mkononi tayari. Chapuchapu akagusa karatasi, kisha akairudisha brashi kikombeni. Akamwonyesha fundi ile karatasi ya kwanza. "Nivumilie, fundi. Nikichora sasa hivi, utaondoka na chura mwingine."

Fundi akacheka, akavuta kigoda. "Chura atatufukuzia wateja. Nangoja."

Baridi ilipoisha, ndege akatua juu ya birika, bluu tupu, na mabawa yake yote. Fundi akaondoka na mchoro kifuani.

"Hata mimi," shangazi akasema, "nikitia tanurini chungu ambacho hakijakauka, kinapasuka. Lakini sikia, mwanangu. Haraka imekuharibia karatasi tu. Uongo ungekuharibia jina. Karatasi tutanunua nyingine. Jina haliuzwi dukani."