Nilimkana Baba kwa Sababu ya Jina la Kijerumani

Nina umri wa miaka arobaini na sita, nimefiwa na mke, na naishi Mawaleh, hapa Maskati. Elimu yangu ni kidato cha nne. Kazi yangu ni ufundi wa magari ya Kijerumani kule Ghala, mtaa wa magereji. Haya ninayoandika sijawahi kumweleza mtu uso kwa uso, kwa sababu naona aibu... aibu ambayo hata nikioga hainitoki.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, Ngamiani. Baba yangu, Mzee Athumani Mula, alikuwa na mashine ya kusaga unga. Nilipokuwa mdogo nilidhani nywele zake ni nyeupe tangu kuzaliwa. Kumbe ulikuwa unga! Hadi leo nikisikia injini ya dizeli ikiunguruma, naikumbuka ile mashine na harufu ya mahindi yakitoka ya moto, na moyo unataka kurudi nyumbani.

Lakini miguu yangu haijui kutulia. Niliondoka nikaenda Mombasa, kisha Dubai, kisha Sohar, mpaka nikafika hapa. Mke wangu alipofariki, mtoto wetu wa pekee, Nasra, nilimwacha kwa baba. Baba ndiye aliyemlea, akamsomesha, hata nywele alijifunza kumsuka. Nilimleta huku akiwa tayari msichana mkubwa.

Sasa hilo jina la Mula. Baba alitueleza tangu utotoni kwamba babu yake alikuwa kibarua kwenye mashine ya kusaga ya Mjerumani mmoja, huko mashamba ya katani, na Wajerumani ndio waliomwita hivyo. Sisi tulidhani ni jina la yule bwana mwenyewe. Basi, hakuna zaidi. Damu ya Kijerumani hatukuwa nayo hata tone!

Lakini huku watu wana makabila yao, majina yanayojulikana kuanzia Nizwa hadi Unguja. Mtu akikukaribisha, kahawa haijapoa ashakuuliza asili yenu wapi. Mimi ningejibu nini? Kwamba sisi ni Mula wa mashineni?

Siku moja mteja aliona jina langu akaniuliza kama nina asili ya Ujerumani. Nikacheka... sikukataa. Wiki hiyohiyo akaniletea na gari la ndugu yake.

Hapo ndipo nilipoanza kupotea. Nikachapisha kadi za biashara zilizoandikwa Müller, na vile vitone viwili juu ya u niliviweka mwenyewe. Nikawa nasema babu yetu mkubwa alikuwa bwana wa Kijerumani mwenye ngome na misitu, aliyemwoa bibi yetu wa Tanga. Rangi yangu ilinisaidia, maana nimechukua kwa marehemu mama, maji ya kunde. Pale Ghala wakaniita Mjarumani. Na mimi nikafurahi! Mtu mzima na akili zangu, nikafurahia ukoo wa kuokota!

Kisha ikaja posa. Kijana anaitwa Khalfan, anafanya kazi ofisi moja na Nasra, na ukoo wao ni wa Waomani waliotoka Unguja. Mama yake mzazi hayupo tena, aliyemlea ni shangazi yake, Bi Thuwaiba. Shangazi huyo alikuja kwangu kwanza, kwa adabu zote, akasema hawaulizi kwa ubaya, wanataka kujuana tu. Nikamshushia hadithi yangu ya ngome na misitu. Alitikisa kichwa, akanywa kahawa yake.

Nasra alinisikia. Mgeni alipoondoka aliniuliza, "Baba, na babu nimweke wapi katika hadithi hiyo?"

Nikamwambia maneno ya ukoo awaachie wakubwa.

Lakini Nasra kwa mshahara wake alimkatia babu yake tiketi, ili awepo siku ya kujibu posa. Nilipompokea uwanja wa ndege, mzee alikuwa na kanzu mpya na kifurushi cha unga wa dona aliousaga kwa mkono wake. Mweusi tii, mfupi, anacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, pale sikumwona baba yangu... niliiona hadithi yangu ikibomoka!

Siku ya wageni, baada ya Alasiri, sebule ilijaa. Wazee wa Khalfan walikuwapo, halwa na kahawa zimeandaliwa, na Bi Thuwaiba kwa utu uzima wake akaketi pamoja na wanaume. Mmoja wao akauliza kwa upole mzee huyu ni nani.

Ulimi wangu ulitangulia. Nikasema ni Mzee Athumani, mtu wa nyumbani kwetu Tanga, ndiye aliyekuwa akitutazamia nyumba.

Baba aliinua macho akanitazama. Kisha akayashusha kwenye kikombe chake.

Ndipo Bi Thuwaiba akaanza kuzungumza, kama mtu anayepitisha muda tu. "Mie ujanani nlipelekwa kusoma uuguzi Ujerumani ya Mashariki. Jina lenu hilo kule limejaa, mwanangu. Ni kama kumwita Juma sokoni, watageuka kumi. Kila jumba tulokaa lina mlango wa Müller. Na maana yake ni msagaji, mtu wa kinu. Zamani kila kijiji kilikuwa na msagaji wake, ndo maana wamekuwa wengi vile. Si jina la mabwana hata kidogo, ni la watu wa kazi."

Wazee wakacheka, si kwa dharau. Mimi masikio yaliwaka moto.

Lakini baba... baba alifurahi mpaka akajisahau! Aliweka kikombe chini. "Kumbe? Basi babu yangu hawakumpa jina la bwana wake. Walimwita kwa kazi yake mwenyewe. Na mimi nimesaga maisha yangu yote bila kujua."

"Babu yako?" Bi Thuwaiba akauliza. "Kwani na wewe ni Mula?"

Baba alinigeukia mimi, akangoja. Wasomaji wenzangu, ule ndio mlango aliokuwa amenifungulia. Neno moja tu lilitosha! Na mimi nilisema nini? Nilisema mzee amechoka na safari, maneno yanamchanganya.

"Kweli," baba akasema taratibu. "Nimechanganya. Mimi mtu wa nyumbani tu."

Nasra alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia mbele ya wakwe, akapiga magoti, akaubusu mkono wa yule mzee. "Shikamoo babu," akasema. "Inuka twende."

Wakatoka.

Bi Thuwaiba alivaa viatu vyake bila haraka. Alipofika kwangu akasimama. "Sie twalijua zamani kuwa nyie si Wajerumani, binti hakumficha kijana wetu," akaniambia. "Mtu haulizwi asili ili atukuzwe. Anaulizwa tujue tunaungana na nani. Leo tumejua." Halafu akaongeza kwamba kijana wao atampelekea posa yule aliyemlea binti.

Na kweli walifanya hivyo. Nasra aliacha kazi akarudi Tanga na babu yake, na watu wa Khalfan wakawafuata. Nikapata habari kwa watu baki kwamba harusi imepangwa. Mimi sikualikwa.

Lakini ndoa haifungwi bila walii, yaani msimamizi wa binti, na walii ni mimi. Siku ya ndoa simu iliita nikiwa Ghala, mikono imejaa grisi, wateja wamenizunguka. Alikuwa sheikh, kutoka Ngamiani. Akauliza nimemwakilisha nani kumwozesha binti yangu.

Nikasema nimemwakilisha Mzee Athumani Mula.

"Ni nani yako?" sheikh akauliza.

Gereji nzima ilikuwa inasikiliza, wale wale wanaoniita Mjarumani.

"Ni baba yangu mzazi," nikasema.

Upande wa pili nilisikia mtu akikohoa. Nilikijua kikohozi hicho, ni kikohozi cha unga! Kisha simu ikakatwa, na binti yangu akaolewa bila mimi.

Nasra hapokei simu zangu mpaka leo. Baba bado ananitumia salamu kila Ijumaa, hajanitolea neno hata moja la lawama. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Nitarudi Tanga kwa uso gani?

Ndugu zangu mnaoishi ugenini, nawasihi. Ukiulizwa asili yako, usiende kuazima babu wa watu. Mtaje baba yako kama alivyo, kwa rangi yake na kazi yake, angali hai na anakusikia. Mimi nilingoja mpaka sheikh aniulize.

Kile kifurushi cha unga bado kiko jikoni kwangu. Kimeingia wadudu. Kukipika siwezi, na kukitupa siwezi.