Nyuki wa Soksi za Njano

Samahanini, watoto. Hadithi hii nitaisimulia vibaya. Mwanzo wake naujua. Mwisho wake naujua. Katikati ndipo ninaposhikwa na kikohozi.

Basi nisaidieni. Nikisema "nyuki", nyinyi semeni "Zzzz!"

Nyuki!

Zzzz!

Vizuri. Twende.

Palikuwa na msichana mdogo, jina lake Nakundwa. Aliishi kwenye milima ya Upare, na mama yake, na bibi yake, na mbuzi.

Bibi hakuwa na meno. Hata moja! Jino la mwisho liling'ang'ania kwenye hindi la kuchoma, likabaki huko huko.

Kwa hiyo Bibi alipenda boga. Boga ni laini. Boga halina haja na meno.

"Bibi, nitakulimia boga," akasema Nakundwa.

"Kubwa kama nini, mjukuu wangu?"

"Kubwa kama kichwa cha Mjomba!"

"Weee! Basi tutakula mwezi mzima."

Nakundwa akapanda mbegu. Akamwagilia. Mmea ukatambaa, ukatambaa, ukatambaa, mpaka ukafika kwenye shamba la nyanya la Mjomba.

Maua yakachanua. Makubwa! Ya njano!

Na nyuki wakaja. Zzzz!

Waliingia ua la kwanza miguu mitupu. Wakatoka wamevaa soksi za njano, za unga wa maua. Wakaingia ua la pili na soksi zao. Zzzz!

"Nyie nyuki!" akacheka Nakundwa. "Hodi hampigi, miguu hamfuti!"

Chini ya ua moja kulikuwa na kiboga. Kidogo kama gololi.

Halafu, asubuhi moja, kimya.

"Nyuki?" akaita Nakundwa.

Kimya.

"Nyuki?"

Kimya. (Hapo msiseme zzzz. Nimesema kimya. Wewe wa nyuma, nimekusikia.)

Kile kiboga kikanyauka. Kikadondoka. Pu!

Nakundwa hakuelewa. Mama hakuelewa. Hata mbuzi hakuelewa.

Na mimi? Mimi msiniulize.

Nakundwa akamwendea kuku. "Wewe kuku, umewala nyuki wangu?"

"Ko-ko-koo," akasema kuku. Hiyo ni ndiyo au hapana? Nakundwa hakujua.

Akamwendea mbuzi. "Wewe mbuzi, umewafukuza nyuki wangu?"

Mbuzi hakujibu. Alikuwa anatafuna kanga ya Mama.

Kiboga cha pili kikadondoka. Pu! Cha tatu kikadondoka. Pu!

"Boga langu je?" akauliza Bibi. "Uji asubuhi. Uji mchana. Uji jioni. Siku nikipiga chafya, utatoka uji!"

Nakundwa hakuelewa. Mama hakuelewa. Hata mbuzi hakuelewa.

Na mimi? Mimi msiniulize.

Nakundwa akaenda kwa Mjomba. Mjomba alikuwa shambani kwake, na bomba mgongoni, anapuliza nyanya dawa ya wadudu. Fshhh! Fshhh!

Eh-hem! Eh-hem! Samahani. Kikohozi hicho.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu!"

"Mjomba, nyuki wameenda wapi?"

"Nyuki? Labda wameenda harusini!" Fshhh!

"Harusi ya nani?"

"Ya... ya nyuki wenzao!" Fshhh!

Nakundwa akangoja harusi iishe. Siku moja. Siku mbili. Siku tatu.

"Harusi gani hii," akasema, "haina hata ngoma?"

Siku ya nne akainamia mmea wake. Chini ya jani alimwona nyuki mmoja. Alikuwa amelala chali. Soksi zake za njano bado zipo miguuni.

Hakusema zzzz.

Nakundwa akanusa jani. Mbona linanuka kama bomba la Mjomba?

"Usiguse, mwanangu!" akasema Mama. Akaenda moja kwa moja kwa Mjomba. Bibi akafuata na mkongojo. Ko! Ko! Ko!

Eh-hem! Eh-hem! Nileteeni maji.

"Kaka," akasema Mama, "dawa hii uliweka vifuniko vingapi?"

"Vitatu."

"Kwenye chupa wameandika kimoja!"

"Ndiyo, dada. Kimoja cha wadudu. Kimoja cha marafiki wa wadudu. Na kimoja cha kuhakikisha."

"Na ulipuliza saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ndipo maua yanapofunguka! Wameandika hapa: usipulize nyuki wakiwa kwenye maua."

"Herufi zenyewe ndogo mno..."

"Herufi ndogo, nyuki wadogo," akasema Bibi. "Kwani wewe mwanangu unaona vikubwa tu?"

Mjomba akakuna kichwa, akamgeukia Bibi. "Lakini Mama, mimi nilipuliza nyanya. Boga sikuligusa! Nyuki sikuwagusa!"

"Upepo je? Uliuonyesha mpaka wa shamba?" akasema Bibi. "Na bila nyuki wa kuhamisha ule unga wa maua, boga halikui."

Mjomba hakuelewa. Halafu akaelewa kidogo. Halafu akaelewa yote, akakaa chini. Chubwi! Kwenye matope.

Nakundwa akaanza kulia. "Mjomba, sasa nani atavaa soksi za njano? Nani atanipa boga la Bibi?"

Mjomba akajifuta matope, akazidi kujipaka.

Nakundwa akafuta machozi. Akamtazama Mjomba. Akamtazama tena, juu mpaka chini.

"Wewe," akasema. "Wewe ndiye utakuwa nyuki."

Mvua ikanyesha siku tatu. Ikaosha majani. Maua mapya yakachanua.

Asubuhi na mapema Mjomba akaja, ameshika unyoya wa kuku. Akagusa ua la kwanza. Unyoya ukawa wa njano. Akagusa ua la pili, lile lenye kiboga chini yake.

"Na sauti, Mjomba!"

"Sauti ya nini tena?"

"Nyuki hafanyi kazi bila sauti."

"Zzz."

"Siisikii!"

"ZZZZ!"

Jirani akapita njiani. Akasimama. "Ndugu yangu, umepatwa na nini?"

"Usiniulize," akasema Mjomba. "ZZZZ!"

Kila asubuhi, ZZZZ! Nalo bomba? Hakulibeba tena. Viwavi wa nyanya aliwaokota kwa mkono, mmoja mmoja. Mgongo ulimuuma, lakini nani alimwonea huruma? Hata mbuzi hakumwonea.

Na kiboga je? Hakikudondoka!

Kikawa kama gololi. Kikawa kama yai. Kikawa kama mpira.

Asubuhi moja Mjomba akasikia: zzzz.

Akashika mdomo wake. Umefungwa. "Sasa nani huyo?"

Zzzz.

Mjomba hakuelewa. Mama hakuelewa. Nakundwa akaruka juu. "Mjomba, tazama!"

Nyuki! Mmoja tu, miguu mitupu. Akaingia ua la kwanza. Akatoka na soksi.

Kesho yake wakaja wawili. Keshokutwa wakaja wengi, hawahesabiki. Zzzz! Zzzz! Zzzz!

Mjomba akaweka unyoya chini. Akasema, "Asanteni. Nimechoka."

Jioni ile boga likaiva chunguni. Bibi akala. Nyamu, nyamu, nyamu. Hakutafuna, alicheka tu, likateremka lenyewe.

"Boga langu hili!" akasema Bibi.

Nakundwa akashiba. Akalala mapajani kwa Bibi. Nje, mzingani mwao, nyuki nao wakalala, wamevua soksi.

Na lile boga, watoto, kabla halijakatwa walilipima kwa kamba. Lilikuwa kubwa sawasawa kama kichwa cha Mjomba. Tofauti ilikuwa moja tu: boga lilikuwa na kitu ndani.

Mnauliza nimejuaje?

Kamba yenyewe waliizungushia hapa, juu ya masikio yangu.