Barua ya Duara

Kila asubuhi, jogoo wa jirani akiwa bado anajisifu, Ebong alikuwa ameshaondoka kijijini Kwapa kwenda mjini Tororo. Alifanya kazi kwenye kinu cha kuchambua pamba. Jioni alirudi na nyuzi nyeupe kichwani, utadhani amezeeka tangu asubuhi. Binti yake Maggie, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alimpokea mlangoni.

"Karibu, babu! Baba yangu umemwacha wapi?"

Ebong alicheka kila siku, ila siku moja ya mwaka 1958 hakucheka. Homa kali ya mafua ilikuwa ikizunguka dunia, na Tororo haikurukwa. Aliketi kizingitini akitetemeka. Mkewe, Alungat, akamgusa paji la uso.

"Unawaka kama kaa la moto. Kesho huendi kazini."

"Nitakwenda. Meneja amesema anayekosa siku moja asirudi tena."

Akaeleza kwa shida. Madirisha yote manane ya kinu yalikuwa yamepigiliwa misumari, eti upepo usipeperushe pamba. Watu sitini na watatu walinywa maji kwa kopo moja, lililofungwa kwa mnyororo kwenye pipa.

"Kopo lina mnyororo, lakini homa haina," alisema Maggie.

"Mmemwambia meneja?" aliuliza Alungat.

"Tumemwambia. Alijibu kwamba vumbi la pamba ndilo dawa ya kikohozi."

Jumamosi alasiri wenzake Ebong walikuja kushauriana. Kama ilivyo desturi, Alungat aliweka mtungi wa ajono, pombe ya wimbi, katikati ya ua. Wanaume wakauzunguka, wakachovya mirija mirefu. Mtu alivuta, kisha akampa mrija mwenzake. Nasuru, dereva wa lori la kinu, alikuwa Mwislamu. Yeye aliketi kando na kikombe chake cha chai.

Aliyesema sana alikuwa Maloba, Msamia wa Busia. "Kopo moja! Watu sitini na watatu! Sisi ni ng'ombe?" Akavuta pombe, akakohoa, akampokeza Ebong mrija.

"Mzee Maloba," alidakia Maggie, "ng'ombe angalau hawapokezani mirija."

Mtoto kuwaingilia wazee kwenye mtungi lilikuwa kosa kubwa.

"Maggie!" alifoka mama yake.

"Nisameheni, wazee wangu. Lakini mwalimu alitufundisha kwamba mate ya mgonjwa ndiyo gari la homa. Mnalalamikia kopo la meneja, na hili la kwetu je?"

Maloba aliutazama ule mrija kama mtu aliyeshika nyoka akidhani ni fimbo. Nasuru aliangua kicheko, chai nusura imtoke puani.

"Mimi niliona, nikanyamaza," alisema. "Ningesema, mngedai Nasuru ana wivu na pombe."

Ebong mwenyewe alikusanya mirija, akaichomeka kwenye paa. Mtungi ukaondolewa. Watu wakasogeza viti, wakaketi mbalimbali.

"Sasa tuzungumze kama watu wazima," alisema Nasuru. "Mjini kuna ofisi ya kazi. Iko pale kusikiliza shida za wafanyakazi. Tuandike barua, mimi nitaipeleka."

Maggie ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri, basi akaleta daftari na wino. Aliandika kwa bidii, kisha akasoma kwa sauti: "Bwana Ofisa, watu kumi wamekufa..."

"Nani amekufa?" aliuliza Ebong.

"Bado hakuna, Baba. Lakini ofisa akisoma hivyo atakuja mbio."

"Akija akawakuta marehemu wako hai wanabeba pamba, atatuamini tena? Futa. Andika tulichokiona."

Akafuta. Akaandika habari za madirisha manane, kopo moja, na wagonjwa kumi na saba waliokuwa wakifanya kazi kwa kuogopa kufukuzwa.

Ikabaki kutia vidole gumba. Hapo kila mtu akakumbuka kwamba mikono ina kazi nyingine. Mwaka uliotangulia, mwenzao aliyetia kidole cha kwanza kwenye malalamiko aliitwa mchochezi, akafukuzwa.

"Anza wewe, Maloba. Si unasema sana?"

"Mimi ni wa kusema. Wewe Ebong ndiye mwenye nyumba!"

Maggie aliwatazama walivyokaa. "Wazee, mkizunguka mtungi, nani huwa wa kwanza?"

"Hakuna," alijibu Maloba. "Mtungi hauna kichwa wala mkia."

Maggie akafunika bakuli juu ya karatasi, akachora duara. Maloba alicheka hadi akakohoa tena. Vidole vikatiwa kuzunguka duara lile. Jumapili karatasi ilipita nyumba kwa nyumba, na Jumatatu Nasuru aliifikisha.

Ebong alikwenda kazini na homa yake Jumatatu, na Jumanne pia. Jioni ya Jumanne alishikiliwa na wenzake wawili njia nzima. Maggie hakufanya mzaha wowote. Alikaa karibu na kitanda akihesabu pumzi za baba yake.

Jumatano ofisa wa kazi alifika kwenye kinu pamoja na bwana afya.

"Hawa ni waongo na wavivu!" alisema meneja.

Ofisa alihesabu madirisha, akaliona kopo, kisha akawapima wafanyakazi kwa macho, mmoja mmoja.

"Kweli, barua hii ina kosa," alisema. Meneja akatabasamu. "Wameandika wagonjwa kumi na saba. Mimi naona kumi na tisa."

Meneja alitaka kumjua kiongozi wao. Aliichukua ile karatasi mkononi mwa ofisa, akaigeuza huku na huku, kama mtu anayetafuta pembe katika nyumba ya mviringo.

Siku hiyohiyo misumari iling'olewa. Kila mfanyakazi aliruhusiwa kuja na kikombe chake, na wagonjwa walirudishwa nyumbani bila kupoteza kazi. Ebong alilala siku nne. Ya tano aliomba ugali wa wimbi, akaomba tena, na Alungat akamshukuru Mungu mbele ya sufuria.

Jumapili Maloba alileta samaki wakavu kutoka Busia. "Nimekuja kumshukuru mtoto huyu," alisema akiwa amesimama mbali. "Angenyamaza kwa heshima, angetuzika kwa heshima."

Ebong alimwita Maggie akae karibu naye.

"Asante, mwanangu. Umetusaidia, nasi tumejifunza pamoja. Mwajiri akipuuza afya za watu, kwanza aambiwe. Asiposikia, watu waungane, waende kwa mwenye mamlaka, wakiwa na ukweli usioongezwa chumvi. Lakini wajitazame nao, maana homa haiulizi kama kosa ni la meneja au ni letu."

Katika kinu kile hakufa mtu hata mmoja. Si kila mahali walijaliwa hivyo, na kila Ebong alipolikumbuka jambo hilo, alivua kofia yake kwa heshima ya waliokufa.