Aliyevua Viatu Mlangoni

“Kuna yeyote aliyefika hata sebuleni?”

Mjomba wangu Torsti aliuliza hivyo Jumapili moja ya Machi, kwenye kahawa ya siku ya kuzaliwa ya mama, pale mjini kwetu Kajaani. Kumi na mmoja tulikuwa mezani, wote ametutumia mchezo wake wa kompyuta, na wote tukainamia sahani zetu.

“Mjomba, siku hizi michezo ina picha,” binamu yangu Jalmari akasema.

“Wangu una maneno. Unasoma chumba kilivyo, unaandika unachotaka kufanya.”

“Kazini nasoma kutwa nzima. Nije nisome tena kwako?”

Tukacheka. Na mimi nilicheka.

Miaka sita Torsti aliuandika peke yake, chumba kwa chumba. Ulieleza nyumba yake mwenyewe, ile ya mbao aliyoishi bila mtu. Kila anayecheza, nakala ya alichoandika hurudi kwenye kompyuta ya Torsti. Tangu Krismasi haikurudi hata moja.

Jumatatu, saa nne asubuhi, ikarudi.

Mchezaji alisimama ukumbini na kuandika: vua viatu. Mchezo ukajibu: sielewi. Vua viatu. Sielewi. Mara arobaini, wala hakuvuka kizingiti.

Torsti aliona aibu. Nyumba gani hapa kwetu mgeni huingia na viatu? Miaka sita, na hilo halikumjia. Huyu alikuwa na adabu kutushinda ndugu zake wote. Akaongeza amri ile, na jibu lake: “Umevivua. Karibu ndani, kahawa iko tayari.”

Saa sita mchana ikaja nakala nyingine.

Vua viatu. Ingia. Keti. Subiri. Subiri. Subiri.

Hapo ndipo alipompigia mama na kumweleza yote, akinong'ona.

“Dada, nani kati yenu anacheza?”

“Hakuna. Mbona unanong'ona?”

“Kuna kiti kimeburutwa jikoni.”

“Torsti, toka nje. Sasa hivi.”

Akasema polepole, “Huyu amekuja, dada. Nikimkimbia, nabaki na nani?”

Akakata simu.

Mimi na mama tulifika saa nane mchana. Theluji ya alfajiri ilitanda uani, haina unyayo. Si wa kuingia, si wa kutoka. Mlango ulikuwa wazi. Ukumbini palikuwa na jozi mbili za viatu. Moja ya mjomba. Nyingine ndogo, ya ngozi, ya kizamani. Imelowa.

Jikoni, vikombe viwili. Kahawa ilikuwa bado moto.

Torsti hakuwepo. Hajaonekana hadi leo.

Kwenye kompyuta mchezo ulikuwa umefunguka kwenye chumba cha jikoni, na mstari mmoja: “Mko wawili hapa. Kiti cha tatu kiko wazi.”

Vile viatu vidogo mama aliviweka kibarazani, juani. Kiangazi kizima vimekaa hapo. Sasa ni Agosti, na havijakauka.

Nakuomba kitu kimoja. Mtu wako akikutumia alichokitengeneza, kifungue leo hii.