Mchumba Wangu Alivyonitia Wazimu kwa Kompyuta

Nina umri wa miaka thelathini na moja, sijaolewa, na ninaishi katika chumba kimoja nyuma ya soko la Meru. Ninawapigia watu barua na hati kwa taipureta ili nipate riziki. Kama mngeniona miaka michache iliyopita, msingeamini kuwa ni mimi. Nilikuwa na kazi nzuri, nilikuwa na mchumba, na kwetu Muthara wazazi walikuwa wakiwaambia binti zao wasome kama Karimi. Vyote vilikwenda... Na aliyevichukua ndiye aliyekuwa akinifuta machozi!

Wasomaji wenzangu, nisikilizeni.

Nilikuwa mwalimu katika chuo kidogo cha kompyuta hapa mjini. Wakati huo kompyuta zilikuwa bado ajabu. Watu walivua viatu mlangoni kabla ya kuingia darasani, na mashine zilifunikwa vitambaa kama makochi ya wageni. Mwenye chuo, Bwana Njagi, mtu wa Runyenjes, alikuwa amenunua laptop moja iliyokwisha kutumika ng'ambo. Ilikuwa nzito kama tofali, lakini tuliionea fahari. Akanikabidhi mimi. Ndiyo niliyotumia kuandika barua zote za chuo, mitihani na vyeti.

Tena akaniahidi jambo kubwa. Alikuwa akijenga tawi la chuo mjini Embu, na mkuu wa tawi hilo, alisema mbele ya walimu wote, angekuwa mimi.

Mchumba wangu, Murithi, alikuwa fundi wa chuo hichohicho. Karakana yake ilikuwa chumba cha pili, tukitenganishwa na ukuta wa plaiwudi tu. Siku nzima nilisikia redio yake. Printa ilikaa kwake, kwa hiyo nyaya zilitoka nyuma ya meza yangu zikapita kwenye tundu la plaiwudi hadi upande wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyezipanga na kuzifunga pamoja kwa utepe mweusi. Wazee wa kwao walikuwa wamekwisha kuja kwetu kuniposa. Mama yake alikuwa akiniita mwari, binti yake, na kila akija mjini aliniletea ndizi.

Aliposikia habari za Embu, Murithi alinipongeza. Alinishika mikono yote miwili na kusema tumefanikiwa. Tumefanikiwa! Nani angejua?

Mambo yalianza kidogo kidogo. Ninaandika jina la mwanafunzi, herufi moja inajirudia hadi inajaza mstari. Ninafuta, inarudi. Nilidhani ni vumbi. Nikapindua laptop, nikapitisha burashi laini kati ya vibonye, nikapangusa kwa kitambaa. Ikatulia. Kesho yake ukurasa ukaruka wenyewe hadi mwisho, na maneno yaliyokuwa katikati yakatoweka...

Nikashuku virusi. Nikaingiza disketi ya kukagua virusi, haikupata kitu. Nikashuku stima, maana stima yetu ilikuwa ikipanda na kushuka. Nikachomoa waya wa umeme, nikatumia betri. Bado! Siku moja niliinua mikono yangu juu kabisa, na macho yangu yakaona herufi zikijiandika zenyewe, moja baada ya nyingine, kana kwamba kuna mtu aliyekaa mapajani mwangu anayeziandika.

Nilipiga kelele. Murithi akaja mbio. Alipofika, mashine ilikuwa imetulia kama mwana-kondoo. Akakaa kwenye kiti changu, akaandika sentensi nzima bila kosa. Aliniangalia kwa huruma, akaniambia polepole nipumzike, nimechoka.

Ilikuwa hivyo kila mara. Nikiita watu, hakuna kitu. Nikibaki peke yangu, inaanza. Murithi alinichomolea nyaya, nikaibeba laptop hadi nyumbani kwa Bwana Njagi, tukaijaribu pamoja sebuleni kwake. Ilifanya kazi vizuri jioni nzima. Mkubwa wangu alinitazama kwa namna ambayo hakuwa amewahi kunitazama. Nilirudi nikitembea kama mgonjwa.

Kisha likaja la barua ya mahafali. Niliiandika barua ya kumwalika mgeni wa heshima, nikaisoma, nikaenda kunywa chai. Niliporudi niliamrisha printa, Murithi akaniletea karatasi zikiwa tayari zimetiwa kwenye bahasha, nikamshukuru. Barua ilifika. Mahali pa "mgeni wa heshima" palikuwa pameandikwa "mgeni wa hasara"!

Mgeni hakuja. Alituma barua ile irudi kwa Bwana Njagi bila neno. Niliitwa ofisini mbele ya walimu wote. Niliapa sikuandika hivyo. Nani angeniamini? Kila mtu alijua mashine iko mikononi mwangu. Nilisimamishwa kazi.

Hapo ndipo Murithi aliponimaliza. Alipanda hadi Muthara, akakaa na baba yangu, mzee wa kanisa, akamwambia kwa sauti ya upole kuwa ananihofia. Alisema ninaona vitu ambavyo havipo. Akauliza kama katika ukoo wetu kulikuwa na mtu aliyewahi kuugua akili. Baba aliinamisha kichwa, kwa sababu shangazi yangu aliugua hivyo. Na mimi ndiye niliyemwambia Murithi habari za shangazi, kwa siri, kama mtu anavyomwambia mume wake mtarajiwa!

Nikapelekwa kwenye maombi. Niliwekewa mikono kichwani, nikalazimishwa kufunga. Wanawake tuliokua pamoja walikuwa wakiwavuta watoto wao nikipita. Je, mnajua uchungu wa kuanza kujiogopa mwenyewe? Niliacha hata kuandika jina langu kwa kalamu, nikihofia litatoka jingine.

Nikiwa katika hali hiyo nikasikia kwamba mkuu wa tawi la Embu sasa ni Murithi.

Hata hapo sikumshuku, wasomaji. Nilimwombea!

Bwana Njagi aliniita nirudi chuoni ili nikabidhi kazi. Saa ya chai wote walitoka, na Murithi alikuwa ameenda posta. Nilitaka niache mahali pangu pasafi, basi nikavuta meza ili nifagie nyuma. Vumbi lilikuwa jingi. Nilipoinua fungu la nyaya, ule utepe mweusi uliachia, na waya mmoja ukaanguka kando.

Nikautazama. Printa ina waya mmoja unaotoka kwenye laptop. Huu wa pili ulikuwa wa nini? Ulikuwa umechomekwa nyuma ya laptop, kwenye tundu dogo la duara ambalo mtu huchomeka kibodi ya nje, akitaka. Mimi sikuwa na kibodi ya nje.

Nikaufuata kwa vidole hadi kwenye plaiwudi. Nikazunguka, nikaingia karakana. Waya ulipita chini ya meza ya Murithi, ukapanda hadi kwenye gunia lililofunika redio mbovu. Nikafunua gunia. Kibodi!

Laptop nilikuwa nimeiacha imewashwa, ukurasa mtupu. Nilibonyeza herufi moja tu, K. Nikarudi chumbani kwangu. Kwenye skrini ya laptop kulikuwa na K.

Nilikaa sakafuni. Sikulia. Kitu ndani yangu kiligeuka kuwa baridi kama maji ya mto wa mlimani. Kila siku ile niliyopiga kelele... alikuwa hapo, hatua chache, akinisikiliza kupitia ubao, vidole vyake juu ya vibonye. Kisha anakuja mbio kunikumbatia!

Je, ningepiga kelele tena? Wangesema ni wazimu. Nikafunga utepe kama ulivyokuwa. Nikarudisha gunia. Nikafagia, nikaenda kunywa chai. Murithi aliporudi nilimtabasamia. Nilitaka aanguke mbele ya watu walewale alionianika mbele yao.

Nilimwomba Bwana Njagi ruhusa chuo kiombewe kabla sijaondoka, pamoja na ile mashine. Hakuona ubaya. Nikamwalika baba, mchungaji wetu na akina mama wa maombi. Na nikamwalika mama yake Murithi. Murithi alifurahi sana. Alisema ni wazo zuri, ila yeye hangeweza kukaa, alikuwa na shughuli Nkubu. Alituaga mbele ya wote na kuondoka. Mimi nilijua atazungukia mlango wa nyuma. Hangeweza kujizuia. Mtu aliyezoea ladha ile haachi.

Watu wakajaa chumbani. Nilikaa mbele ya laptop, nikaeleza kwamba nitaandika maneno ya sala ili waone. Nikaandika "Mungu wetu, tunakuomba..." Kisha nikaondoa mikono, nikaiweka kichwani ili kila mtu aione.

Halafu herufi zikaanza. Kubwa, polepole.

KARIMI NI WANGU

Chumba kililipuka! Akina mama walianza kukemea, mmoja akaanguka, baba akafunga macho, machozi yakimtoka. Mchungaji alikuwa akipaza sauti juu ya kichwa changu. Katikati ya kelele hiyo mimi nilipiga magoti, nikaingia chini ya meza, nikashika ule waya kwa mikono yote miwili, nikavuta. Nilivuta kama mtu anayevuta mbuzi aliyegoma! Upande wa pili gunia likaanguka, redio zikaporomoka, na kitu kikagonga plaiwudi, ko!

Maombi yakakatika.

Nikavuta tena. Ko!

Nikamwambia Bwana Njagi, bila kupaza sauti, "Shetani wenu yuko karakana. Mwiteni kwa jina, mnamjua."

Bwana Njagi alienda kwenye mlango wa karakana. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. "Murithi," akasema, "fungua."

Tukasikia komeo likisogezwa. Akatoka. Jasho lilikuwa likimtiririka, na hakujua mikono aiweke wapi. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia mama yake.

"Ni wewe?" mama yake akamuuliza.

"Mama, ilikuwa tu mchezo."

Yule mama alinijia mimi pale sakafuni, akaniinua, akanipangusa vumbi magotini kwa leso yake. Kisha akaondoka peke yake bila kugeuka. Kesho yake wazee wao walikuja Muthara kuvunja posa na kumwomba baba radhi.

Laiti ningekomea hapo! Nilikuwa nimesafishika. Bwana Njagi alimfukuza Murithi na kunirudishia cheo cha Embu. Lakini sikushiba. Nilitaka asipate mahali pa kuweka kichwa.

Nilisikia amepata kazi kwenye ofisi ya uchapaji Embu. Nikaiweka ile kibodi kwenye kiondo, nikaenda, nikaipiga juu ya kaunta, nikamsimulia mwenye ofisi kila kitu mbele ya wateja. Akaachishwa siku hiyohiyo. Utamu nilioupata, siwadanganyi! Akaenda Runyenjes, akawa anatengeneza redio kwenye veranda ya duka. Nikamfuata. Siku za soko nilisimama karibu na meza yake nikiwaambia wakulima wa kahawa wasimwachie hata tochi. Hakubishana. Alikusanya bisibisi zake, akahama. Nikauliza alikohamia, nikaambiwa, nikaenda tena...

Tawi la Embu lilifunguliwa. Wanafunzi walikaa darasani wakimngoja mkuu wao. Mkuu wao alikuwa sokoni Runyenjes na kiondo!

Bwana Njagi alinivumilia, akanionya, akanivumilia tena. Mwishowe aliniita. Alionekana mtu mwenye huzuni kuliko hasira.

"Karimi, mimi nilikupa chuo," alisema. "Wazazi wananiuliza kama nimewaletea mwalimu ama askari wa kuwinda mtu. Nimempa mwingine."

Nilitoka nje nikasimama barabarani. Murithi alifanya yote yale ili nisiwe mkuu wa Embu. Alishindwa. Na mimi nikaja kumkamilishia kazi yake kwa mikono yangu mwenyewe!

Nasikia sasa yuko mbali, upande wa Isiolo, na ameoa. Mchungaji huniuliza kama nimemsamehe. Namjibu ukweli: bado. Nikimkumbuka akinifuta machozi kwa kidole kilekile alichobonyezea vibonye, moyo wangu unawaka. Sitaki kuwadanganya kwa maneno matamu ya kanisani.

Lakini ninyi mnaosoma, hasa ninyi wasichana, chukueni hili kwangu. Mtu akikuambia kila siku kwamba akili yako inapotea, usikimbilie kujilaumu wala kujifungia ndani. Kagua mwenyewe. Vuta meza, tazama nyuma, shika kila kitu kwa mkono wako, hata kama anayekuambia ni yule unayempenda. Na ukishamkamata, mfichue mchana, mbele ya watu, usimwonee haya hata kidogo.

Kisha urudi kazini kwako. Nawasihi, rudini! Mwacheni aende na aibu yake, asiwaondoe kwenye viti vyenu. Mimi nilimfuata soko kwa soko, na leo anayekaa kwenye kiti changu Embu ni mtu ambaye hata hanijui.